Asiyechelewa Katika Nchi ya Majilio

Wengi husikia habari za Majilio, lakini aliyekwenda akarudi ni mmoja tu tunayemjua, naye hakurudi na kitu cha kuwaonyesha watu. Jina lake Mbelwa Shemdoe. Kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, stesheni ndogo yenye benchi mbili na mwarobaini mmoja, na katika utumishi wake wote hakuna treni iliyoondoka pale kabla yeye hajatazama saa yake ya mfukoni na kuinua bendera. Kuchelewa aliona ni maradhi ya watu wengine. Marehemu mkewe alikuwa akisema kwamba Mbelwa angemsamehe mwizi wa kuku kabla hajamsamehe mtu aliyechelewa.

Jinsi alivyofika huko hakupenda kueleza, na waliomwuliza walichoka. Alifika, akapokewa vizuri, akapewa chumba katika nyumba ya wageni ya mtu mmoja mnene, mcheshi, aitwaye Bwana Jabu.

Wamajilio ni watu wapole. Hawagombani njiani, na mgeni hapiti mlangoni mwao bila kukaribishwa. Katikati ya mji wao pana mnara wa saa, na juu ya mnara, kwenye kiti cha ubao, huketi mtu mwenye upondo mrefu. Kazi yake ni moja. Mkubwa akialikwa mahali saa tatu, naye akatokea saa saba, mwenye upondo huusukuma mshale wa saa nyuma mpaka tatu, kengele ikagongwa, na shughuli ikaanza kwa wakati wake. Maana sheria ya kwanza ya nchi ile, iliyochongwa kwenye jiwe la mnara, yasema hivi: Mkubwa hachelewi. Siku moja yaweza kuwa na saa tatu za asubuhi mara nne, na watu wa kawaida hujua wakati wa kula kwa kutazama vivuli vyao.

Sheria ya pili imechongwa chini ya ile ya kwanza, kwa herufi ndogo. Yasema kwamba mdogo akichelewa, hata kwa muda wa kumenya ndizi, amemwibia mwenziwe, na alichopewa atakirejesha.

Mbelwa alizisoma zote mbili. Ya kwanza ilimchekesha. Ya pili aliipenda sana, akaona kwamba katika upumbavu wao watu hawa walikuwa na jambo moja la maana. Akainua macho kumtazama mwenye upondo akiurudisha mshale nyuma, maana wakati ule mkubwa fulani alikuwa akipita, na huku akitazama juu akapiga hatua ya kinyumenyume, akatumbukia mtaroni. Kifundo cha mguu kikateguka. Wapita njia wawili wakambeba mpaka kwa Bwana Jabu.

"Hilo si jambo," Bwana Jabu alisema baada ya kukitazama kifundo kilivyovimba. "Yupo mkandaji hapa mjini, anaitwa Ngwali. Hukanda, huunga mifupa, hurudisha viungo vilivyohama. Huja nyumbani kwa mtu. Ila sharti umlipe kwanza, ndiyo desturi yetu."

"Fedha zangu ni za kwetu," Mbelwa akasema.

"Mpe kitambaa. Hapa kitambaa ni ujira mzuri."

Mbelwa alikuwa na kipande cha kitani cha rangi ya samawati alichokinunua njiani, kikubwa cha kutosha gauni mbili. Akakitoa. Bwana Jabu akampelekea Ngwali, akarudi na jibu kwamba mkandaji atakuja kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Asubuhi ile Mbelwa aliketi barazani na mguu wake juu ya kigoda, saa ya mfukoni mkononi. Jua likawa kali. Likasimama kichwani. Maumivu yalipanda mpaka gotini, na hasira ikapanda juu zaidi. Alasiri ndipo alipotokea mtu mwembamba wa makamo, mkoba wa ukili begani, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa amekimbia.

"Shikamoo, bwana," Ngwali alisema. "Nimechelewa."

Mbelwa hakuitikia.

Ngwali akapiga magoti, akakishika kile kifundo, na kwa muda mrefu hakufanya lolote ila kukishika, kama mtu anayesikiliza. Kisha akakivuta mara moja. Mbelwa akaguna. Ngwali akakipaka mafuta ya ufuta, akakikanda, akakifunga kwa ukanda wa nguo, na alipomaliza maumivu yalikuwa yamebaki kidogo tu, kama mgeni anayeaga. Kazi ilikuwa nzuri. Mbelwa mwenyewe alijua kwamba ilikuwa nzuri, na kujua huko hakukumzuia.

"Nataka kitambaa changu," alisema.

Ngwali alikuwa akifunga mkoba wake. Mikono ikasimama kidogo, halafu ikaendelea.

"Ni haki yako, bwana," akasema.

*

Baraza la Marejesho, ambalo kila dai la kurejeshewa lazima lipitie, hukaa katika ukumbi ulio chini ya mnara. Mbelwa alifika mapema, akichechemea na fimbo ya Bwana Jabu, akaukuta ukumbi umejaa watu waliokuwa wamefika mapema kuliko yeye. Ngwali alikuwa amesimama ukutani. Kiti kirefu cha Mshika Saa, ambaye ndiye mkuu wa Baraza, kilikuwa kitupu, na kiliendelea kuwa kitupu.

Mbele ya kiti hicho walikaa wanasheria wawili wenye vilemba vya kijivu, wakijadiliana kwa sauti ya taratibu.

"Mshika Saa hajafika," alisema wa kwanza. "Basi wakati huu tuliomo ni saa ngapi?"

"Si saa," alijibu wa pili. "Haya ni maandalizi."

"Na mtu akizaliwa katika maandalizi?"

"Ataandikwa amezaliwa akifika mkubwa."

"Na akifa?"

Wa pili akafikiri. "Huyo atasubiri," akasema, na wote wawili wakaridhika.

Mbelwa alijizuia kucheka. Alikuwa tayari akiyapanga maneno yale kichwani, jinsi atakavyowasimulia wenzake nyumbani.

Mshika Saa alipowasili, mtu wa makamo mwenye tabasamu la upole, upondo ulisikika ukikwaruza juu na kengele ikagongwa mara tatu. Watu wote wakasimama na kusema kwa pamoja, "Ndiyo kwanza tunafika." Hiyo ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pale tangu alfajiri aliisema akiwa ameshika kiuno.

Kesi ya Mbelwa ikaitwa.

"Mkandaji," alisema Mshika Saa, "uliitwa wakati gani?"

"Asubuhi, mheshimiwa."

"Ukafika?"

"Alasiri."

"Sababu yako?"

Ngwali akatazama vidole vya miguu yake. "Sina sababu."

Karani wa Baraza alimwinamia Mbelwa na kumwelewesha, kwa kuwa ni mgeni. Sababu katika nchi ya Majilio hushuka, hazipandi. Mtu aweza kusema amecheleweshwa na mtoto, au mvua, au punda. Hawezi kusema amecheleweshwa na aliye juu yake, maana huko ni kusema mkubwa amechelewa, jambo lisilowezekana. Mbelwa akayasikia hayo yote, akayaona ya kuchekesha, na hakujiuliza kwa nini mkandaji hakumsingizia hata punda.

"Na mlalamikaji wetu," akauliza Mshika Saa, "kwao alikuwa nani?"

"Nilikuwa mkuu wa stesheni," akasema Mbelwa.

Ukumbi ukavuma.

"Mkuu?"

"Wa stesheni, mheshimiwa."

"Mkuu ni mkuu," alisema Mshika Saa, akasimama nusu kwa heshima. Karani akaleta mshipi mweupe wenye pindo nyekundu, kama ule aliouvaa Mshika Saa mwenyewe, akamfunga Mbelwa kiunoni. Mbelwa angeweza kuwaambia kwamba stesheni yenyewe ilikuwa na benchi mbili, na kwamba chini yake alikuwapo mpiga kengele mmoja tu, kiziwi wa sikio moja. Hakuwaambia. Mshipi ulimkaa vizuri.

Hukumu ikatolewa. Ngwali atarejesha kitambaa kama kilivyokuwa. Siku ya Ijumaa asubuhi mlalamikaji atakwenda mwenyewe nyumbani kwa mkandaji kukipokea, mbele ya jamaa zake, ili aibu imfundishe. Na siku hiyo, tangu kuche mpaka kitambaa kipokewe, Ngwali hataketi, hatakula, hatatoka uani kwake wala kugusa kazi yoyote. Askari wa Baraza atasimama langoni. Akivunja sharti, mkoba wake utatundikwa ukumbini na hatakanda tena.

Mbelwa aliona hukumu hiyo ni kali kidogo. Lakini aliona pia kwamba haikuwa yeye aliyeitunga.

*

Ijumaa aliamka na giza, akaoga, akafunga mshipi, akatoka jua likichomoza. Mguu ulikuwa umepona. Fimbo aliibeba kwa pambo tu. Nyumba ya Ngwali ilikuwa ng'ambo ya soko, mwendo mfupi.

Sokoni, kwenye mabenchi ya kahawa, wanaume walikuwa wameketi. Walipouona mshipi wakasimama wote.

"Karibu, mheshimiwa. Kikombe kimoja tu."

Mbelwa akatazama saa yake. Kikombe kimoja hakimchelewishi mtu. Akaketi, wakaketi. Wakamletea kahawa na kipande cha haluwa, na mmoja wao, kinyozi, akauliza kwa unyenyekevu kama ni kweli kwamba huko kwao treni huondoka hata kama mkubwa hajapanda.

"Huondoka," alisema Mbelwa.

Wakashangaa. Wakataka aeleze. Naye, ambaye tangu astaafu hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza habari za reli, aliwaeleza. Aliwaeleza habari za bendera ya kijani na bendera nyekundu, na jinsi treni mbili zilivyopishana kila siku pale stesheni kwake bila kugusana kwa sababu mtu mmoja alitazama saa. Kikombe cha pili kikaja. Aliwaambia kwamba kuchelewa ni dharau, kwamba anayemweka mwenzake akingoja anamla maisha yake kidogo kidogo. Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Kinyozi akasema hajapata kusikia maneno mazito namna hiyo. Watu wakaongezeka. Aliombwa arudie habari za bendera kwa ajili ya waliokuwa nyuma, na akarudia.

Alipoitazama tena saa yake, jua lilikuwa limekwisha kupita utosini.

Akainuka ghafla hata kikombe kikaanguka. "Nimechelewa," alisema.

Wote wakacheka kwa upole, kama watu wanaomcheka mtoto aliyesema ameota mkia. "Wewe, mheshimiwa?" kinyozi akamwambia. "Maliza kahawa yako. Hakuna saa itakayothubutu kukupita."

Hakumaliza. Lakini, na hili ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote, hakukimbia pia. Watu walikuwa wakimtazama, mshipi ulikuwa kiunoni, akatembea kama mkubwa anavyotembea.

*

Nje ya ua wa Ngwali, kwenye kivuli chembamba cha makuti, aliketi mwanamke na mtoto wa kike wa miaka sita au saba. Mtoto amelala mapajani mwa mama, mkono wa kulia umefungwa kwa kanga kifuani, midomo imekauka. Mwanamke alipomwona Mbelwa akajaribu kuinuka bila kumsumbua mtoto, akainamisha kichwa na kusema, "Ndiyo kwanza tunafika, mheshimiwa."

Mbelwa akampungia mkono, akapita. Askari akafungua lango.

Ngwali alikuwa amesimama katikati ya ua, juani, kichwa wazi. Miguu yake ilikuwa imevimba. Mkewe, aitwaye Mize, alitoka ndani, na kabla ya kusema neno alikwenda kwenye saa ndogo iliyotundikwa juu ya mlango, akaurudisha mshale nyuma kwa kidole mpaka asubuhi. Kisha akageuka.

"Karibu, mheshimiwa. Umefika kwa wakati."

Akaleta kitambaa kwenye sinia. Mbelwa alikipokea, na alipokikunjua, kama sheria inavyotaka, aliona mstari wa matundu madogo ukipita kando, na mwingine kifuani, na mwingine shingoni. Kilikuwa kimekwisha kushonwa gauni. Mtu alikuwa amefumua nyuzi zote, moja moja, akakipiga pasi.

"Tumejitahidi kukirudisha kilivyokuwa," Mize alisema. "Matundu yatajifunga ukikifua."

"Lilikuwa gauni la nani?"

"La kwangu," akasema Mize. "Nililivaa siku moja."

Mbelwa akakikunja kitambaa haraka. Sheria ilitaka mpokeaji aseme maneno marefu ya kukubali, naye akayasema, maana askari alikuwa akisikiliza, na kila sentensi alitamani iwe ya mwisho. Alipofikia neno la mwisho, Ngwali alimpita bila kuaga. Alimpita kama upepo, akanyakua mkoba mlangoni, akatoka langoni, akapiga magoti pale kivulini mbele ya yule mtoto.

Mbelwa akabaki na Mize.

"Yule ni nani?" akauliza.

"Kidawa, binti wa Bi Arafa, jirani yetu. Alianguka kutoka juu ya mpera asubuhi, kiwiko kikahama. Mama yake alimleta hapo hapo, mbio. Kiungo cha mtoto, ukikiwahi, hurudi kama mlango unavyofungwa." Akatazama saa juu ya mlango, ile aliyoirudisha kwa kidole chake, halafu akaangalia kando. "Mume wangu alimsikia akilia muda wote. Alikuwa akimwambia kutoka hapa aliposimama namna ya kuushika mkono. Baadaye akanyamaza, mtoto."

"Na siku ile," Mbelwa alisema, na sauti ilikuwa si yake, "siku aliyokuja kwangu alasiri. Alikuwa wapi?"

Mize alitazama langoni kuona kama askari yupo karibu. "Alikuwa ukumbini mwa nyumba ya mkubwa mmoja, amekwenda kumkanda bega. Mkubwa alikuwa amelala. Mkubwa haamshwi. Aliketi mpaka akaamka." Kisha akaongeza upesi, "Sijasema kitu, mheshimiwa."

Nje, Kidawa alipiga ukelele mmoja. Ulikuwa mrefu.

*

Uvimbe ulikuwa umekwisha kufunga njia. Ngwali alikirudisha kiwiko nusu. Nusu nyingine ilikataa. Walipofungua vitambaa baada ya majuma kadhaa, mkono ulikuwa umekaza, umepinda kama mpini wa mwavuli, haunyooki wala haupandi.

Mbelwa alikuwa bado mjini. Mguu wake ulikuwa mzima kabisa, hata hivyo kila asubuhi alimwambia Bwana Jabu kwamba bado unamsumbua. Alikwenda kwa Ngwali mara mbili kurudisha kitambaa. Mara ya kwanza Mize alikataa kwa adabu, akisema mtu aliyenyang'anywa kitu kwa hukumu na akaonekana nacho tena huitwa mwizi mara ya pili. Mara ya pili hakufungua mlango.

Ndipo habari ikazagaa kwamba Bi Arafa amemshtaki mkandaji Ngwali kwa kuchelewa.

Siku ya kesi Mbelwa alifika ukumbini kabla ya mtu yeyote. Hakuwa na mshipi, aliuacha kitandani. Karani akamkimbilia na mwingine, akamfunga, akamketisha mstari wa mbele kwenye mto. Mshika Saa alifika alipofika, mshale ukarudi, watu wakasimama na salamu yao.

Bi Arafa alisimama na Kidawa ubavuni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kavu.

"Mkandaji alikuwa hatua chache kutoka kwa mwanangu," alisema, "na hakumgusa mpaka mchana. Mkono umeharibika. Nadai marejesho."

"Unamlaumu kwa chuki?" aliuliza Mshika Saa.

"Simlaumu hata kidogo. Ni jirani yangu, watoto wetu wamenyonya pamoja. Lakini mkono wa mwanangu lazima uwe na mtu aliyechelewa, mheshimiwa, ama sivyo itakuwa umejiharibu wenyewe. Sheria imenipa huyu tu. Nimemchukua."

Ngwali hakuinua macho. Alipoulizwa sababu, akasema hana.

Mbelwa akasimama. Alisimama wima, kama alivyozoea kusimama mbele ya injini.

"Aliyechelewa ni mimi," alisema.

Mshika Saa akatabasamu. "Mgeni wetu ana adabu nyingi. Karani, andika kwamba mgeni ametoa maneno ya heshima."

"Si heshima. Niliambiwa niende asubuhi, nikaenda mchana. Mtu huyu alifungwa uani kwake akinisubiri mimi."

Wanasheria wawili wenye vilemba wakanong'onezana. Mmoja akasimama, akaeleza kwa upole mkubwa kwamba jambo hilo lilikwisha kuthibitika. Saa ya nyumba ile ilionyesha asubuhi wakati mheshimiwa alipoingia. Mwenye nyumba yupo, aulizwe.

Mize akaitwa.

"Mheshimiwa alifika wakati gani?" Mshika Saa akamwuliza.

Mize alimtazama mumewe, halafu Bi Arafa, halafu sakafu. Kwa Mbelwa hakutupa hata jicho.

"Alifika kwa wakati," alisema.

Mbelwa alihisi uso ukimwaka. Alitaka kuketi na alijua kwamba akiketi mambo yamekwisha. Yote aliyokuwa nayo alikuwa ameyasema, na yalikuwa yameanguka chini kama maji juu ya mgongo wa bata. Ni Bi Arafa aliyegeuka wakati huo, akamkabili. Katika nchi ile mdogo hamsemeshi mkubwa barazani.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

Hapakuwa na hasira katika swali lake. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

"Bi Arafa, swali hilo halina mahali," karani akasema.

"Namwuliza tu. Tangu siku ile nafikiri pengine aliugua. Pengine aliokoa mtu. Mimi nilikuwa pale na mtoto, nikajisemea, mtu mkubwa hawezi kutuacha hivi bila jambo kubwa." Akamgeukia tena Mbelwa. "Ulikuwa wapi, bwana?"

Mbelwa alitafuta. Kwa muda mfupi, na Mungu amsamehe, alitafuta jambo kubwa la kusema.

"Nilikuwa sokoni," alisema hatimaye. "Nakunywa kahawa. Watu walinisifu, nikaketi. Nilikuwa nikiwaeleza ubaya wa kuchelewa."

Kutoka nyuma mtu mmoja alicheka, labda kinyozi, labda mwingine. Mshika Saa akacheka pia, kicheko chema cha mkubwa kwa mkubwa mwenzake. "Kahawa ya pale sokoni ni nzuri kweli," akasema, na ukumbi mzima ukalegea na kucheka, isipokuwa Ngwali, Mize na Bi Arafa. Mbelwa alisimama katikati ya kicheko kile. Angependa watu wale wamzomee, wamtemee mate. Walimcheka kwa mapenzi.

Bi Arafa alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo akidhani una kitu ndani, akaufungua.

"Kahawa," akasema.

Maneno ya Mbelwa hayakubadilisha lolote: mkandaji alihesabiwa amechelewa, na hatakanda tena. Ngwali akatoa mkoba wa ukili begani, karani akapanda ngazi, akautundika kwenye msumari ukutani. Misumari mingine ilikuwa na mikoba mingine. Ilikuwapo ya wakunga, ya mafundi wa visima, ya msusi mmoja, na vumbi juu yake.

*

Mbelwa aliondoka Majilio kesho yake. Bwana Jabu alimsindikiza mpaka mwisho wa barabara, akimsihi arudi siku yoyote, saa yoyote, maana kwake saa zote ni sawa. Mshipi alimwachia. Kitambaa hakujua afanye nacho nini. Alikiacha juu ya kitanda cha wageni kimekunjwa, na hajui aliyekichukua.

Njia ilipita mbele ya mlango wa Bi Arafa. Angeweza kuzunguka, na alifikiri kuzunguka. Bi Arafa alikuwa kizingitini akichambua mchele, Kidawa karibu naye akichora mchangani kwa kijiti. Mbelwa akasimama.

"Nimekuja kuaga," akasema.

Bi Arafa aliendelea kuchambua. Akasema, bila kuinua uso, "Kidawa, mwamkie mgeni."

Mtoto akaweka kijiti chini, akasogea. "Shikamoo," akasema, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Mkono wa kulia, mwanangu," alisema Bi Arafa, kama mama yeyote asemavyo, huku akipuliza makapi. Kisha vidole vyake vikasimama ndani ya mchele.

Mbelwa aliushika ule wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa mdogo na una mchanga. Marahaba yake ilikawia, na mtoto, aliyefundishwa vizuri, alisimama akiingoja.